Maji ya Mirihi: Yaliyothibitishwa, Yaliyosahihishwa na Yanayosubiri Ushahidi

Saa 6:29 usiku wa kuamkia Machi 15, 2016, mitambo ya kupokea mawimbi iliyopo Malindi, katika pwani ya Kenya, ilinasa ishara iliyokuwa ikisubiriwa kwa hamu huko Darmstadt, Ujerumani. Ishara hiyo ilitoka katika chombo Trace Gas Orbiter cha Shirika la Anga la Ulaya (ESA) na Shirika la Anga la Urusi, Roscosmos. Chombo hicho kilikuwa kimerushwa takribani saa 12 kabla kutoka Baikonur, nchini Kazakhstan. Kwa ishara hiyo, wataalamu walithibitisha kwamba chombo kimeachana na roketi kikiwa salama na kimeanza safari ya miezi saba kuelekea sayari ya Mirihi.

Kituo cha Malindi, kinachoendeshwa na Shirika la Anga la Italia kwa makubaliano na Serikali ya Kenya, hakikutajwa sana katika habari za siku ile. Hata hivyo, chombo kilichosikika kwanza hapo ndicho kilichorejea katika vichwa vya habari mwezi Desemba 2021, ESA ilipotangaza kwamba kimebaini kiasi kikubwa cha haidrojeni, dalili ya maji, chini ya uso wa bonde kuu la Mirihi. Vyombo vingi vya habari vilifupisha tangazo hilo kwa maneno matatu: maji yagunduliwa Mirihi.

Maneno hayo si mageni. Yalitumika mwaka 2002, yakarudi mwaka 2008, mwaka 2015, mwaka 2018 na mwaka 2024. Mwananchi anayefuatilia matangazo hayo ana haki ya kuuliza ni mara ngapi kitu kimoja kinaweza kugunduliwa. Jibu ni kwamba kila tangazo lilihusu jambo tofauti. Yapo maji yaliyotiririka Mirihi zamani za kale, na ushahidi wake ni mwingi. Ipo barafu ambayo imepigwa picha na hata kuguswa na mitambo. Yapo pia maji yaliyofungwa ndani ya madini ya miamba. Maji ya kimiminika, yale ambayo mtu angeweza kuyachota kwa kata, ni habari nyingine: hadi sasa hayajathibitishwa kuwapo mahali popote juu ya uso wa sayari hiyo.

Sayari isiyoruhusu maji kutulia

Mirihi ni sayari ya nne kutoka kwenye Jua, na ni jirani wa Dunia kwa upande wa nje. Kipenyo chake ni kilomita 6,779, yaani zaidi kidogo ya nusu ya kipenyo cha Dunia. Siku yake ina saa 24 na takribani dakika 40, na mwaka wake ni siku 687 za Dunia. Wekundu wake, unaoonekana hata kwa macho matupu usiku usio na mawingu, unatokana na vumbi lenye kutu ya chuma.

Angahewa yake ni nyembamba mno. Asilimia 95 ni hewa ya ukaa, na mgandamizo wake haufikii hata sehemu moja ya mia ya ule wa usawa wa bahari hapa duniani. Jambo hili ndilo ufunguo wa suala zima la maji. Wapandaji wa Mlima Kilimanjaro wanafahamu kwamba karibu na kilele maji huchemka upesi, yakiwa na joto la takribani nyuzi 80 tu, kwa sababu hewa ya huko ni hafifu. Katika Mirihi hali hiyo imefika mwisho wake. Mgandamizo ni mdogo kiasi kwamba maji huanza kuchemka karibu na kiwango kilekile cha joto ambacho huganda. Kwa kuwa wastani wa joto ni nyuzi 60 hivi chini ya sifuri, barafu inayopigwa na jua hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji.

Ndiyo maana picha za kwanza za karibu ziliwavunja moyo wengi. Chombo cha Marekani Mariner 4, kilichopita karibu na sayari hiyo Julai 1965, kilituma picha 22 zilizoonyesha ardhi iliyojaa kreta, kame na tulivu kama uso wa Mwezi. Ilidhaniwa kwamba suala la maji limekwisha. Miaka sita baadaye Mariner 9 ilianza kuizunguka Mirihi, ikasubiri tufani ya vumbi lililoifunika sayari nzima litulie, kisha ikaanza kupiga picha. Kilichojitokeza ni sayari nyingine kabisa: milima ya volkano, bonde kubwa kupita kiasi, na mifereji iliyopindapinda yenye vijito vinavyoungana kama mishipa ya jani. Mariner 4 haikuwa imekosea. Ilikuwa imeona sehemu ndogo tu ya sayari, na kwa bahati mbaya ikawa sehemu ya ardhi ya kale yenye kreta nyingi.

Mlima na bonde

Uso wa Mirihi umegawanyika katika pande mbili zisizofanana. Kusini ni nyanda za juu, za kale sana, zilizopigwa na vimondo kwa mabilioni ya miaka. Kaskazini ni tambarare laini zilizo chini kwa kilomita kadhaa. Chanzo cha mgawanyiko huo bado kinajadiliwa. Wapo wanaosema ni pigo la kimondo kikubwa mno, wapo wanaosema ni mwendo wa joto ndani ya sayari yenyewe. Kwa historia ya maji, lililo muhimu ni kwamba mto wowote uliotiririka kutoka kusini ungeishia katika tambarare hizo.

Karibu na ikweta kuna uvimbe mkubwa wa ardhi uitwao Tharsis, uliojengwa na volkano. Pembezoni mwake unasimama Olympus Mons, mlima wenye kimo cha takribani kilomita 22, karibu mara nne ya kimo cha Kilimanjaro chenye mita 5,895. Kitako chake kina upana wa kilomita 600 hivi, ambao ni zaidi ya umbali kati ya Dar es Salaam na Arusha ukipimwa kwa mstari wa moja kwa moja. Sababu ya ukubwa huo inaeleweka. Ganda la Dunia limegawanyika katika mabamba yanayosogea, hivyo volkano huhama polepole kutoka juu ya chanzo chake cha joto na hatimaye huzimika. Ganda la Mirihi halisogei namna hiyo. Lava imemwagika mahali palepale kwa mamilioni ya miaka, na nguvu ndogo ya mvutano, asilimia 38 tu ya ile ya Dunia, imeuruhusu mlima kupanda bila kuporomoka kwa uzito wake.

Uzito na msukumo wa Tharsis ulipasua ganda la sayari upande wa mashariki. Hapo ndipo lilipo bonde la Valles Marineris, lenye urefu wa takribani kilomita 4,000 na kina kinachofikia kilomita saba katika baadhi ya maeneo. Mara nyingi bonde hili hulinganishwa na korongo la Grand Canyon la Marekani. Ulinganisho huo unapotosha kidogo, kwa kuwa Grand Canyon ilichongwa na mto. Ndugu wa karibu zaidi wa Valles Marineris ni Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Yote mawili yalianza kwa ardhi kuvutwa na kupasuka, sakafu ikadidimia kati ya kuta mbili. Katika Mirihi maporomoko ya ardhi yalipanua kuta hizo baadaye, na maji yalichangia katika baadhi ya sehemu.

Ushahidi ulivyosomwa katika miamba

Mifereji iliyoonekana na Mariner 9 ilikuwa ushahidi wa umbo. Umbo peke yake halitoshi, kwa sababu lava nayo huchonga mifereji, na upepo huchonga miamba. Wanajiolojia walihitaji ushahidi wa madini, yaani vitu ambavyo haviwezi kutokea pasipo maji.

Chombo cha Ulaya Mars Express, kilichoingia katika mzingo wa Mirihi Desemba 2003, na kile cha Marekani Mars Reconnaissance Orbiter, kilichofika Machi 2006, vilipima mwanga unaoakisiwa na ardhi na kubaini madini ya udongo wa mfinyanzi katika maeneo mengi ya kale. Mwamba wa volkano haugeuki kuwa udongo wa mfinyanzi kwa kuguswa na maji siku moja. Unahitaji kukaa na maji kwa muda mrefu. Madini hayo yalikuwa mengi katika ardhi yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 3.7. Katika ardhi iliyofuata kiumri, chumvi za salfeti, ambazo huachwa maji yanapokauka, zilijitokeza zaidi. Katika ardhi changa kabisa hakuna mengi ila kutu na vumbi. Mpangilio huo wa udongo, chumvi na kutu ni kama daftari la kumbukumbu la sayari iliyokuwa ikikauka.

Enzi ya kwanza kati ya hizo hutajwa kwa jina la Noachis, eneo la kusini lililopewa jina la Nuhu. Kwa bahati, gharika kubwa zaidi hazikutokea katika enzi ya Nuhu bali katika iliyofuata, pale maji yaliyokuwa chini ya ardhi yalipobubujika kwa ghafla na kuchimba mifereji yenye upana wa makumi ya kilomita. Chombo Pathfinder kilitua katika mdomo wa mfereji mmojawapo, Ares Vallis, Julai 4, 1997, katikati ya mawe yaliyosukumwa hapo na mafuriko ya kale.

Uthibitisho wa ardhini ulipatikana mwaka 2004. Gari la utafiti Opportunity lilitua katika tambarare ya Meridiani na kukuta miamba ya mashapo ikiwa na vijiwe vidogo vya mviringo vya hematiti, ambavyo hujijenga maji yanapopenya ndani ya mwamba. Miamba hiyo ilikuwa pia na madini ya jarositi, yanayotokea katika maji yenye asidi. Hivyo maji yalikuwapo, lakini hayakuwa maji ya kutamanisha.

Curiosity ilileta picha njema zaidi. Gari hilo lilitua Agosti 2012 katika kreta ya Gale yenye upana wa kilomita 154. Wiki chache baadaye lilipiga picha za changarawe zilizolainishwa na kuviringika, zimeshikana kama zege la zamani. Upepo hauwezi kuviringisha mawe yenye ukubwa huo. Ni kazi ya mto. Wataalamu walikadiria kwamba kijito hicho kilikuwa na kina cha kati ya kifundo cha mguu na nyonga ya mtu mzima. Machi 2013 lilitangazwa jambo kubwa zaidi: unga uliochimbwa kutoka kwenye jiwe la tope la kale ulionyesha ziwa ambalo maji yake hayakuwa na asidi kali wala chumvi nyingi, na lenye kemikali ambazo viumbe vidogo huzihitaji. Tangu hapo Curiosity imekuwa ikipanda mlima uliopo katikati ya kreta, tabaka baada ya tabaka, na kukuta dalili kwamba maziwa yalijaa, yakakauka, yakajaa tena. Katika baadhi ya matabaka kumeonekana nyufa za tope lililokauka, za namna ileile anayoiona mtu anayetembea kando ya Ziwa Magadi wakati wa kiangazi.

Suala la bahari halijafikia kiwango hicho cha uhakika. Wapo watafiti wanaoamini kwamba tambarare za kaskazini ziliwahi kufunikwa na bahari. Mwaka 2025 wataalamu waliotumia rada ya gari la China, Zhurong, lililotua Mei 2021, walieleza kuwa wameona chini ya ardhi matabaka yaliyoinama kama yale ya ufukwe wa bahari. Ni ushahidi wenye uzito, ila mjadala haujafungwa.

Yalikokwenda

Kama Mirihi ilikuwa na mito na maziwa, basi angahewa yake ilikuwa nzito kuliko ya leo. Chombo MAVEN cha Shirika la Anga la Marekani (NASA) kilitumwa kutafuta ilikokwenda. Kwa kupima gesi ya agoni, ambayo haiingii katika miamba wala haishiriki katika kemikali nyingine, watafiti walionyesha mwaka 2017 kwamba takribani theluthi mbili ya agoni iliyowahi kuwapo imepotelea angani. Gesi nyingine zilifuata njia hiyo. Dunia inakingwa na uga wa sumaku unaotoka katika kiini chake; Mirihi iliupoteza uga wake takribani miaka bilioni nne iliyopita, na upepo wa Jua ukapata nafasi ya kuibandua angahewa kidogo kidogo.

Maji nayo yaliacha alama ya kupotea. Haidrojeni iliyo katika maji ina aina nyepesi na aina nzito. Mwanga wa Jua unapovunja mvuke wa maji juu angani, haidrojeni nyepesi hutoroka kwa urahisi na nzito hubaki nyuma. Katika mvuke wa maji wa Mirihi, sehemu ya haidrojeni nzito ni mara tano hivi au zaidi ya ile ya bahari za Dunia. Ni sawa na kupima chumvi iliyobaki katika sufuria ili kujua mchuzi uliokauka ulikuwa kiasi gani.

Hata hivyo, hesabu ya kupotelea angani haikidhi maji yote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba kati ya asilimia 30 na asilimia 99 ya maji ya awali yalimezwa na ganda la sayari na kufungwa ndani ya madini. Upana wa makadirio hayo unaonyesha jinsi kazi iliyobaki ilivyo kubwa. Chombo cha Falme za Kiarabu kiitwacho Hope, kwa Kiarabu Al-Amal, kilichofika Februari 9, 2021, ni miongoni mwa vinavyochunguza jinsi haidrojeni na oksijeni zinavyoendelea kutoroka hadi leo.

Matangazo yaliyolazimika kusahihishwa

Makosa kuhusu maji ya Mirihi yana historia ndefu kuliko safari za anga. Mwaka 1877 mwanaastronomia wa Italia, Giovanni Schiaparelli, alichora mistari aliyoiona kwa darubini na kuiita kwa neno la Kitaliano linaloweza kumaanisha mikondo ya maji ya asili au mifereji ya kuchimbwa. Wasomaji wa Kiingereza walichukua maana ya pili. Percival Lowell wa Marekani akajenga juu ya maana hiyo hoja kwamba wakazi wa Mirihi wamechimba mifereji ya umwagiliaji kuokoa sayari inayokauka. Darubini bora zaidi za mwanzoni mwa karne ya 20 zilionyesha kuwa mistari hiyo haikuwapo. Macho yalikuwa yakiunganisha madoa yaliyotengana.

Septemba 2015 NASA ilitangaza ushahidi wa chumvi zenye maji katika michirizi myeusi inayojitokeza kwenye miteremko majira ya joto na kufifia majira ya baridi. Tangazo lilipokelewa duniani kote kuwa ni maji yanayotiririka leo. Miaka miwili baadaye watafiti wengine walipima mwinuko wa miteremko hiyo na kubaini kwamba michirizi huishia pale tu ambapo mchanga mkavu nao usingeweza kuendelea kuteleza. Maji yangefika mbali zaidi, hata kwenye miteremko ya polepole. Maelezo yanayokubalika zaidi sasa ni mchanga unaoporomoka.

Mwaka 2018 wanasayansi wa Italia waliotumia rada ya Mars Express walieleza kuwa wameona mwakisiko mkali kilomita 1.5 chini ya barafu ya ncha ya kusini, katika eneo lenye upana wa kilomita 20, na wakautafsiri kuwa ni maji ya kimiminika yenye chumvi. Wengine wamejibu kwamba udongo wa mfinyanzi uliogandishwa, au madini mengine, unaweza kutoa mwakisiko huohuo. Agosti 2024 ulitolewa uchambuzi wa mawimbi ya matetemeko yaliyonaswa na chombo InSight, uliopendekeza kuwapo kwa miamba iliyopasuka na kujaa maji katika kina cha kati ya kilomita 11.5 na 20. Hata ukithibitishwa, maji hayo yako mbali mno na uwezo wa chombo chochote cha kuchimba kilichowahi kupelekwa.

Masahihisho haya hayakufichwa. Yalichapishwa katika majarida ya kisayansi kama yalivyochapishwa madai yenyewe, na mara nyingine na watu walioshiriki katika tangazo la awali. Tatizo ni kwamba sahihisho halipati nafasi iliyopewa tangazo.

Barafu isiyo na shaka

Kuhusu barafu hakuna mjadala wa aina hiyo. Ncha zote mbili za Mirihi zina barafu ya maji. Rada imeonyesha kwamba ile ya kusini pekee, ikiyeyuka na kusambaa sawasawa, ingeifunika sayari nzima kwa kina cha mita 11. Mwaka 2002 chombo Mars Odyssey kilibaini haidrojeni nyingi karibu na uso wa ardhi katika maeneo yaliyo karibu na ncha. Mwaka 2008 chombo Phoenix kilitua huko, kikafukua udongo kwa mkono wake wa chuma, na kukuta vipande vyeupe vilivyotoweka baada ya siku chache. Chumvi isingetoweka. Mtambo wa Phoenix ulipopasha joto sampuli ya udongo huo, mvuke wa maji ulitoka.

Kwa wanaopanga kumpeleka binadamu Mirihi, ncha si mahali pazuri: ni baridi mno na giza lake ni refu. Hapo ndipo tangazo la Desemba 2021 linapopata uzito wake. Trace Gas Orbiter imebeba kifaa kinachohesabu nyutroni, chembe zinazotoka ardhini pale miale ya anga za mbali inapoupiga udongo. Udongo mkavu hutoa nyutroni nyingi, wenye maji hutoa chache. Katikati ya Valles Marineris, karibu na ikweta, kifaa hicho kilikuta eneo lenye ukubwa unaokaribia ule wa Uholanzi ambako nyutroni ni chache isivyo kawaida. Ikiwa haidrojeni yote iliyopimwa imo ndani ya maji, basi hadi asilimia 40 ya udongo wa mita ya juu katika eneo hilo ni maji, ama kama barafu au kama sehemu ya madini. Neno “ikiwa” katika maelezo hayo lilitoka kwa watafiti wenyewe.

Juni 2024 chombo hichohicho kilileta habari nyingine ambayo watu wa Afrika Mashariki wanaweza kuielewa kuliko wengi. Picha zake zilionyesha utando wa barafu juu ya vilele vya volkano za Tharsis, Olympus Mons ikiwamo, karibu na ikweta, mahali ilipodhaniwa haiwezi kuwapo. Utando huo ni mwembamba kama unywele wa binadamu na hudumu saa chache baada ya jua kuchomoza. Hata hivyo, kwa kuwa umetanda juu ya eneo kubwa, ulikadiriwa kuwa na tani 150,000 za maji zinazoganda na kurudi angani kila siku katika majira ya baridi.

Jiwe lenye madoa

Gari la utafiti Perseverance lilitua Februari 18, 2021 katika kreta ya Jezero, yenye upana wa kilomita 45. Jezero ni neno linalomaanisha ziwa katika lugha kadhaa za Kislavoni, na jina hilo halikutolewa bure: katika ukingo wa kreta kuna delta iliyojengwa na mto wa kale, kwa namna ileile ambavyo Rufiji na Tana zimejenga delta zao. Tope la delta huzika na kuhifadhi mabaki ya viumbe, na ndiyo sababu eneo hilo lilichaguliwa.

Julai 2024, katika bonde la mto uliokuwa ukiingia Jezero, gari hilo lilikuta jiwe jekundu la tope lenye madoa meupe yaliyozungushiwa ukingo mweusi, kama madoa ya chui. Lilitoboa jiwe hilo na kuhifadhi sampuli iliyopewa jina la Sapphire Canyon. Uchunguzi uliochapishwa Septemba 2025 katika jarida la Nature ulieleza kwamba jiwe lina kaboni ogania, na kwamba madoa yana madini mawili ya chuma, vivianiti na greigiti. Hapa duniani madini hayo mara nyingi hujijenga katika tope ambamo vijidudu vinakula mabaki ya viumbe. Yanaweza pia kutokea bila uhai, hasa panapokuwa na joto kali au asidi, ingawa jiwe hilo halionyeshi dalili za kupitia joto hilo. NASA ilitumia maneno ya tahadhari, ikisema ni uwezekano wa dalili ya uhai wa kale. Haikusema kwamba uhai umepatikana.

Swali hilo haliwezi kuamuliwa na vifaa vya gari lililoko Mirihi. Linahitaji maabara za duniani, na sampuli hiyo bado imo ndani ya Perseverance. Mpango wa NASA na ESA wa kuzirejesha sampuli uliingia katika utata mwezi Aprili 2024, NASA ilipokiri kwamba gharama inaweza kufikia dola za Marekani bilioni 11 na sampuli zisifike hadi mwaka 2040. Mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilipendekeza mpango huo ufutwe. China kwa upande wake imetangaza kuwa inakusudia kurusha Tianwen-3 mnamo mwaka 2028 ili ilete sampuli zake yenyewe.

Kwa sasa, vipande pekee vya Mirihi vilivyo mikononi mwa binadamu ni vile vilivyokuja vyenyewe. Vimondo vikubwa viliwahi kuipiga sayari hiyo na kurusha mawe angani, na baadhi yakaanguka duniani. Yalitambuliwa kwa gesi iliyonaswa ndani yake, inayolingana na hewa iliyopimwa Mirihi na vyombo vya Viking mwaka 1976. Afrika imepokea sehemu kubwa ya mawe hayo. Lililoanguka Nakhla, nchini Misri, mwaka 1911 lina madini ya udongo yaliyojengwa na maji ya Mirihi. Lingine liliangukia Zagami, nchini Nigeria, mwaka 1962. Kubwa kuliko yote, lenye kilo 24.67, lilipatikana jangwani nchini Niger Novemba 2023 na kuuzwa New York Julai 2025 kwa takribani dola milioni 5.3. Serikali ya Niger iliagiza uchunguzi kuhusu namna lilivyotoka nchini.

Mawe hayo yana thamani kubwa, lakini yote ni ya volkano au yaliyotokana na mapigo ya vimondo, na hakuna ajuaye kwa hakika yalitoka sehemu gani ya sayari. Hakuna hata moja lililotoka katika tope la ziwa. Ndiyo maana ESA inaandaa gari la Rosalind Franklin, linalotarajiwa kurushwa mwaka 2028 kwenda Oxia Planum, tambarare yenye udongo wa mfinyanzi wa kale, likiwa na keekee ya kufika kina cha mita mbili, ambako mionzi haijaharibu kilichohifadhiwa. Taarifa zitakazokusanywa na gari hilo zitarushwa duniani kupitia Trace Gas Orbiter, chombo kilichosikika kwa mara ya kwanza Malindi.